Makaa na Chumvi

Nimeshuka kwenye paa la shule, Kayenze,
mikono inanuka shaba.
Ziwa limetandazwa pale kama ngozi ya ng'ombe
iliyochunwa asubuhi, bado ina unyevu.
Mwalimu Masalu ameshika mkataba, anauliza: utamaliza leo?
Mwezi wa tatu radi iliingia darasa la nne
ikatoka na wawili, Mbuke na Lugwisha.
Dawati lao halikupata hata doa.
Daftari lilikutwa wazi, hesabu ya kugawanya, haijaisha.

Mimi ni fundi, cheti ninacho.
Najua wingu hubeba nini, najua umeme hupenda njia fupi.
Lakini nimelelewa na Bibi Ng'washi,
ambaye neno radi halikuwahi kumtoka.
Alisema Mgeni. Alisema Mwenyewe.
Upepo ukigeuka alisema, kwa sauti ya mtu mwenye deni:
Jogoo anashuka.

Jogoo mwekundu, anatokea upande wa Ukerewe,
anavuka maji bila kulowa unyoya,
anaparua ardhi akitafuta yai alilolisahau
dunia ilipokuwa bado laini, ugali haujasongwa.
Basi tulivua kila chekundu.
Kioo cha babu kiligeuzwa uso ukutani,
sufuria zikafunikwa,
na mimi, kwa sababu ya meno yangu, nilikatazwa kucheka.
Usimnyooshee kidole.
Usimkimbie: anayekimbia anadhani ana haki ya kubaki.

Na aliyechukuliwa haliliwi.
Mjomba Kwilasa alipigwa akipalilia pamba,
akazikwa palepale, jembe pembeni.
Mama aliuma kanga hadi ikatoboka.
Chozi, walisema, ni kumdai Mungu kilicho chake.
Hadi leo sijui kama ile ilikuwa imani
au namna ya kuzuia moyo
usipasuke wote siku moja.

Sasa nachimba shimo la kumzamishia.
Futi nane, ndivyo kanuni inavyotaka.
Futi ya tatu sururu ikagonga kitu, mlio si wa jiwe.
Chungu.
Kidogo, cha kupikia uji wa mtoto,
mdomo umezibwa kwa kigae.
Ndani makaa.
Chini ya makaa, bonge jeupe. Nikalionja.

Nilikaa chini, miguu ikining'inia shimoni.
Kwenye gari nina magunia mawili:
makaa, na chumvi ya mawe.
Ndivyo tulivyofundishwa chuoni. Udongo mkavu haupokei,
lazima uutie kiu ndipo umeze moto.
Wao nani aliwafundisha?
Nani aliishi hapa kabla ya shule, kabla ya pamba,
akamwona Jogoo akirudi palepale mara ya pili,
akakesha akiwaza,
na kulipokucha akaenda kuomba chumvi kwa jirani,
chumvi iliyokuwa ghali kuliko mbuzi?
Sisi tunasema walikuwa wanamwabudu.
Labda. Labda pia walikuwa wanampima.
Labda kwao hayo hayakuwa mambo mawili.

Mwalimu Masalu sikumwambia.
Nilikirudisha chungu kama kilivyokaa, kigae juu,
nikapigilia nguzo kando yake, umbali wa kiganja,
nikamwaga makaa yangu juu ya makaa yao.
Kwenye fomu nikaandika: kina, futi nane. Ardhi inapokea vizuri.
Penye maelezo mengine
sikuandika kitu.

Wingu lilikuwa linasimama juu ya maji, jeusi, lina pembe.
Lubango, msaidizi wangu, alikuwa anakunja ngazi
akiwa na fulana yake ya Simba.
Nikamwambia aivue.
Akacheka, meno yote nje.
Nikamwambia tena,
kwa sauti ya mtu mwenye deni.